Dash 7 haikupewa injini nne ili ikimbie

Jana tena. Kijana anayejifunza kazi kwangu kanionyesha kwenye simu picha ya Dash 7, ndege ya abiria ya zamani kutoka Kanada: "Mzee, hii lazima ilikuwa na mbio balaa, si ina injini nne?" Neno hili nimelisikia kwa abiria, kwa wanafunzi wa urubani, hata kwa watu wenye leseni mfukoni. Nimechoka kulijibu nikiwa nimeshika spana.

Dash 7 haikuwa na mbio. Mwendo wake angani ulikuwa kama kilomita 420 kwa saa, na Dash 8, yenye injini mbili tu, iliiacha nyuma.

Watengenezaji wake, De Havilland Canada, waliirusha mara ya kwanza Machi 27, 1975. Mwaka 1978 ikaanza kubeba abiria, kama 50 hivi, kwa Rocky Mountain Airways kule Colorado. Zilitengenezwa 113 tu, kazi ikakoma 1988.

Sasa hizo injini. Ukisimama nyuma ya bawa flapu zikiwa chini (vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa), utaona injini zimeachiana nafasi, na mbele yake yamejipanga mapangaboi manne makubwa. Upepo wake unafagia sehemu kubwa ya bawa na kuzipitia flapu zile. Kwa hiyo bawa linapata upepo wa kuinua hata ndege yenyewe ikiwa inajikokota. Hiyo ndiyo kazi yake! Ndege inayoweza kuja polepole inagusa ardhi polepole, na hesabu ya breki inakwenda kwa kipeo cha pili cha kasi: punguza kasi kwa moja ya tano tu, nishati ya kusimamisha inapungua kwa zaidi ya theluthi. Na wakati wa kuruka, injini moja ikizimika umepoteza robo ya nguvu, si nusu. Kwenye njia fupi ya kurukia, tofauti hiyo ndiyo inayoamua unaondoka na mzigo gani.

Wengine hukimbilia kusema siri ya kusimama mapema ni rivasi, yaani mapangaboi kusukuma upepo kwenda mbele. Rivasi inasaidia, lakini umbali wa kutua unaoandikwa kwenye vitabu kwa kawaida hauitegemei. Spoila, vibao vya juu ya bawa vinavyoua nguvu yake ya kuinua mara tu ndege inapogusa, ili uzito wote ukae kwenye matairi, hakuna anayezitaja.

Mapangaboi yenyewe yalizunguka taratibu ili kelele iwe ndogo, maana ndege ilikusudiwa kutua karibu na watu. Mwaka 1982 shirika la Brymon waliitua Heron Quays, katikati ya magodauni ya bandari ya London, kuonyesha kwamba inawezekana. Uwanja wa ndege wa London City ukafunguliwa 1987, njia yake ikiwa mita 1,080.

Airkenya walizirusha kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, na hapa ndipo namba za brosha hunikera. Mita zisizofika 700 za kuruka ni za usawa wa bahari. Wilson iko karibu mita 1,690 juu. Mchana wa nyuzi 25 hewa ni nyepesi kiasi kwamba, kwa kasi ileile kwenye kipimo, kasi halisi ni kubwa zaidi, na ndege inagusa ardhi ikiwa na nishati zaidi kwa karibu robo. Njia ya nyasi iliyolowa nayo haimo kwenye brosha.

Kijana ana haki ya kuzishangaa injini nne, nami nakiri. Injini zenye nguvu zaidi, za familia ya PW100, zilikuja baadaye, pamoja na Dash 8. Wangekuwa nazo mapema, nina shaka kama wangebaki na nne, kwa sababu nne maana yake ni gavana nne (vidhibiti vya mzunguko wa mapangaboi), sili za kuzuia mafuta mara nne, ukarabati mkubwa mara nne. Mashirika mengi yaliona bora njia irefushwe.

Ila kwenye kituo cha utafiti cha Rothera, Antaktika, njia ni mita 900 za kokoto, bahari huku na bahari kule. Waingereza wa British Antarctic Survey walipeleka Dash 7.