Fikra za Juu Darasani: Dhana Potofu Kuhusu Vifaa vya Kidijitali

Dhana: Ukiwasha projekta, wanafunzi wanaanza kufikiri.

Ukweli: Video ya dakika 20 inayotazamwa kimya haina tofauti na kunakili notisi ubaoni. Kinachomlazimisha mwanafunzi kutumia fikra za juu, yaani kuchambua na kutathmini badala ya kukumbuka tu, ni swali, tena liulizwe kabla hujabonyeza chochote.

Chukua sakiti (njia ya umeme) ya PhET, programu ya bure ya kuigiza majaribio ya sayansi, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Unga betri ya volti 9 na balbu ya omu 10, wote waone mwanga wake. Uliza: tukiongeza balbu kama hiyo kwa sambamba, yaani kila balbu iwe na njia yake hadi kwenye betri, ya kwanza itafifia? Kila mmoja aandike utabiri na sababu daftarini, dakika 3. Wabishane na jirani, dakika 4. Ndipo ubonyeze.

Wengi hutabiri kufifia, wakidhani umeme utagawanywa. Haififii: kila balbu hupata mkondo wa umeme wa ampia 0.9, betri ikitoa 1.8. Kwa mfuatano, moja baada ya nyingine kwenye njia ileile, zote hufifia, ampia 0.45. Sasa leta betri halisi za dukani, hasa zilizochoka: hata kwa sambamba mwanga hupungua. Kwa nini programu na meza havikubaliani? Betri halisi ina ukinzani wa ndani, yaani yenyewe huzuia umeme kiasi. Mwanafunzi anayefika hapo anakitathmini kifaa chenyewe, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Somo huharibika volti na idadi ya balbu vikibadilishwa kwa mpigo. Hakuna atakayejua kipi kimeleta tofauti. Huharibika pia mwalimu akiwahi kutaja jibu.

Dhana: Lazima kishikwambi kwa kila mtoto, na intaneti.

Ukweli: Pakua faili ya programu nyumbani, chaji kompyuta usiku. Kwa darasa la watoto 60 pale Mbagala, kompyuta moja inatosha, mradi madaftari yawe 60.

Dhana: Chemshabongo za kwenye simu hujenga fikra za juu.

Ukweli: Nyingi hupima kumbukumbu. Wape takwimu badala yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam; ya 2022, watu 5,383,728. Asilimia ya ongezeko, kama 23, simu inaikokotoa mara moja. Swali lenye uzito ni hili: je, namba hizi mbili zinatosha kusema wangapi wamezaliwa hapa na wangapi wamehamia? Hazitoshi, na mwanafunzi aseme ni takwimu zipi zinakosekana.