Nairobi hadi Dar kwa ndege ndogo: yanayosemwa na yalivyo

Mwenye Cessna 172 pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akitaja tu safari ya Dar es Salaam, hakosi jamaa wa kumwambia: "Si ina viti vinne? Twende wote." Katika dhana zote za safari hizi, hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu inasemwa kwa roho safi.

Tupige hesabu. Cessna 172S hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 1,157. Ikiwa tupu, na vifaa vyake, huwa karibu kilo 770. Kilo 387 zinazobaki ndizo za watu, mabegi na mafuta. Pakia watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja na mabegi ya kilo 30: umebakiwa na kilo 37, yaani lita kama 50 za avgasi, petroli ya ndege ndogo kama hii. Injini ile hunywa lita 34 hivi kwa saa. Ukitenga akiba ya dakika 30 ambayo kanuni zinaitaka kwa safari ya mchana, una saa moja ya kuruka. Dar hufiki. Hata uwanja wa Kilimanjaro, kilomita 235 tu, utaufikia ukiwa umeshaanza kuila akiba. Tanki zikijazwa, lita 200, mafuta peke yake ni kilo 144, na hapo hata watu watatu wanakaa kwa kubanana kwenye hesabu, bila begi la maana. Kwa hiyo ni ama watu wengi na safari fupi, ama watu wachache na safari ndefu.

"Nairobi kuna baridi, ndege itapaa vizuri tu." Mwili wako unahisi baridi, injini inahisi mwinuko. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na jua likifikisha nyuzi 25 za Selsiasi, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,400. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Ndiyo maana marubani wazoefu hupenda kuondoka asubuhi, ingawa Julai na Agosti mawingu mazito hulalia jiji asubuhi na kuwachelewesha.

Kisha kuna wanaochora mstari ulionyooka kwenye tabuleti na kusema njia imepatikana. Uangalie vizuri mstari huo. Unapita juu ya Rombo, ubavuni mwa Kilimanjaro yenye mita 5,895, ambayo ndege hii haina uwezo wa kuifikia kileleni, unaambaa na milima ya Upare, halafu unakatiza juu kabisa ya Lushoto. Msimu wa kusi, upepo unaotoka baharini hupanda Usambara na kuzifunika safu hizo kwa mawingu, na upande wa pili wa mlima hewa huchafuka. Injini ikikohoa hapo, utatua wapi? Mimi ningefuata reli: Mtito Andei, Voi, kisha Tanga, halafu pwani hadi Dar. Ni karibu kilomita 700 badala ya 670. Hizo 30 za ziada hazimalizi hata dakika 10, na karibu njia nzima una tambarare chini yako, barabara ya kukuonyesha ulipo hadi Voi, na viwanja vya kukimbilia njiani. Tatizo la kweli ni kusi lenyewe, maana linakupiga usoni. Upepo wa noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa, hugeuza mwendo wa kilomita 204 kwa saa kuwa 167, na safari ya saa tatu na nusu ikawa ya saa nne na dakika kumi na kitu.

"Mafuta utapata popote." Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, viwanja vingi inapatikana. Avgasi ni hadithi nyingine. Piga simu kabla hujaondoka, na uulize ipo leo, si kama huwa ipo. Tena simama hapo hapo inapojazwa. Avgasi ya 100LL ni ya buluu. Ukikinga kidogo kwenye kikombe angavu, maji yakiwemo utayaona yamejikusanya chini. Ukiwa na shaka, dondoshea karatasi nyeupe: avgasi hukauka ikaisha, Jet A-1 huacha doa la mafuta. Na geji usiiamini peke yake. Panda ukapime tanki kwa kijiti.

Kuhusu mpaka, ndege kuwa yako hakukupi haki ya kutua kwanza kwenye kiwanja cha rafiki yako Pangani. Unahitaji kibali, mpango wa safari uliowasilishwa, na mahali pa kwanza kutua pawe na uhamiaji na forodha.

Mwisho ni saa. Mpango huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa moja asubuhi yetu huandikwa 0400, na si mmoja tu aliyejichanganya hapo. Huku kwetu jua likishatua, giza halichelewi. Ukikwama Wilson mpaka saa nane mchana mwezi Julai, hesabu ya kusi inakufikisha Dar jua likizama. Kuruka usiku kuna masharti yake mengine kabisa, ikiwemo akiba ya mafuta ya dakika 45. Hapo ndege ifungwe kamba, muondoke kesho.