Mwekezaji anatanguliza pesa, anayelipa ni wewe

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii redioni, kutoka kwa mtu mwenye cheo: "Barabara hii inajengwa na mwekezaji binafsi. Serikali haitoi hata ndururu." Mtangazaji akasema asante sana mheshimiwa, wakaenda kwa matangazo. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Kazi yangu ni hesabu za miradi ya barabara ya PPP, yaani ubia wa serikali na wawekezaji binafsi. Natengeneza modeli, yaani lahajedwali za mapato na gharama za mradi, nakagua za wenzangu, naketi mezani wakopeshaji na serikali wanapovutana juu ya vifungu vya mkataba. Na nasema bila kumung'unya maneno: hakuna barabara ya mwekezaji ambayo mwekezaji ameilipia. Ametanguliza pesa. Kutanguliza ni jambo moja na kulipa ni jingine, na upotoshaji mwingi unaosemwa kuhusu barabara hizi unatokana na kuyachanganya hayo mawili.

Fungua modeli yoyote ya barabara uangalie sehemu ya mapato. Utakuta ada anayotozwa anayepita, au malipo ya serikali yanayotoka kwenye kodi, au vyote viwili. Mabango na vituo vya mafuta ni makombo. Kwenye mapato hayo ndiko inakotoka riba, marejesho ya mkopo, gharama za matengenezo, na mwisho kabisa faida ya wanahisa. Mwenye ploti mtaa wa Pipeline, Nairobi, akimwachia mtu ajenge ghorofa kisha akusanye kodi ya nyumba kwa miaka 30, hawezi kusema ghorofa hilo halikumgharimu kitu. Amepoteza kodi ya miaka 30, na walioligharamia ni wapangaji.

Tuchukue Nairobi Expressway, maana kila mtu ana maoni juu yake. Kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imejengwa na China Road and Bridge Corporation kwa gharama inayotajwa kuwa kama dola milioni 668, na inaendeshwa na kampuni ya Moja Expressway kwa miaka 27 kabla ya kukabidhiwa serikali. Ujenzi ulianza 2020, magari ya watu yakaanza kupita Mei 2022. Mgala muue na haki umpe: huo ni mwendo wa kasi sana kwa kazi ya aina hiyo. Barabara zinazotegemea bajeti ya serikali tunazijua. Mkandarasi hajalipwa, anaondoa mitambo, kokoto zinaota nyasi, na riba ya madai yake inaendelea kuhesabiwa hadi bili inavimba kuliko ilivyokuwa kwenye zabuni. Mwekezaji wa PPP hana nafasi ya kulala hivyo, kwa sababu asipomaliza hakusanyi. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya mpango huu. Wanaoupigia debe wangeitaja hiyo ningewaunga mkono mchana kweupe.

Badala yake wanakuja na hoja ya pili: "Mwekezaji amebeba hatari yote." Hapa ndipo subira hunishinda.

Hatari haibebwi yote kwa mkupuo. Inagawanywa kifungu kwa kifungu, na kila upande unapigania kuisukuma kwa mwenzake. Ya ujenzi, mara nyingi mwekezaji huibeba kweli: chuma kikipanda bei au nguzo ikichelewa, ni shauri lake. Ya ardhi, serikali. Hizo mbili zina utata mdogo. Zinazotuumiza ni sarafu, idadi ya magari, na barabara jirani.

Anza na sarafu. Mkopo ni wa dola, dereva analipa kwa shilingi. Expressway ilipofunguliwa Mei 2022, gari dogo lililipa Sh360 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na dola ilikuwa kama Sh116. Ilipofika Januari 2024 ada hiyo ikapandishwa hadi Sh500, dola ikiwa kama Sh157. Gawanya mwenyewe. Sh360 kwa 116 ni dola tatu na senti kumi hivi. Sh500 kwa 157 ni dola tatu na senti kumi na nane hivi. Kwa macho ya mkopeshaji aliyeko Beijing ada hiyo karibu haikusogea. Kwa mwalimu anayelipwa mshahara wa shilingi na kuishi Syokimau, ilipanda kwa karibu asilimia 40 chini ya miaka miwili. Shilingi ilipoporomoka, aliyeubeba mzigo ni nani? Hakuwa mwekezaji. Na miezi michache baadaye shilingi ikapanda tena hadi karibu 130. Kwa hiyo ukikutana na mkataba wa namna hii, kifungu cha kwanza kutafuta ni kile cha kurekebisha ada: je, kinapanda na kushuka, au kinajua kupanda tu? Nani anapiga hesabu, kila baada ya muda gani, na kwa kiwango cha benki gani? Mistari minne au mitano ya mkataba, lakini ina uzito kuliko hotuba zote za siku ya uzinduzi.

Sisemi kwamba mkopeshaji ni mwizi. Mtu anayekopesha dola kwa miaka mingi hawezi kukubali arudishiwe karatasi iliyopungua thamani. Tungekuwa na soko la kukopa kwa shilingi kwa miaka 20 kwa riba inayovumilika, tatizo hili lingepungua sana. Hatuna la kutosha. Basi tuwaambie watu ukweli huo.

Sasa idadi ya magari. Kuna mikataba ambayo mwekezaji anategemea ada tu: magari yakipungua, kilio ni chake. Kuna mingine ambayo serikali inamlipa kwa kuwa barabara iko wazi na iko katika hali nzuri, yapite magari elfu kumi au moja. Huo wa pili ndio ulikuwa mfumo wa mkataba wa 2020 wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ile njia kuu ya kutoka Nairobi kupitia Nakuru, na kampuni za Ufaransa Vinci na Meridiam. Ada ingekusanywa, lakini upungufu ungekuwa wa serikali. Mkataba huo ukavunjwa 2025 kabla ya greda kuingia kazini, na kazi ikapewa wengine. Watu walishangilia kwamba tumeondokana na mzigo wa magari yasiyokuja. Nami naona hoja hiyo. Ila mwekezaji anayebeba hatari ya magari hujilipa kwa kuibeba: ataomba ada ya juu zaidi, au miaka mingi zaidi, au faida nono zaidi. Hatari haiyeyuki. Inauzwa, na bei yake iko ndani ya ada yako.

Na mara nyingine hata ikishauzwa inarudi nyumbani. Mexico kati ya 1989 na 1994 ilitoa kandarasi za barabara za kulipia kwa wawekezaji binafsi, zaidi ya hamsini. Zabuni ilikwenda kwa aliyeahidi kuirudisha barabara upesi zaidi. Ilionekana busara. Lakini anayetaka kurudisha pesa zake kwa miaka michache lazima atoze ada ya kukaba koo, na madereva wa malori wakabaki kwenye barabara ya zamani ya bure. Peso ikaanguka mwishoni mwa 1994, riba ikaruka, na 1997 serikali ikalazimika kuchukua barabara 23 pamoja na madeni yake. Kwenye karatasi hatari ilikuwa ya wawekezaji na benki zao. Mwananchi wa Mexico akailipa, pamoja na yule ambaye hajawahi kuendesha gari.

Kuhusu makadirio ya magari yenyewe, niseme jambo ambalo vitabu vyetu hulipitia juu juu. Mshauri wa trafiki huhesabu magari ya leo, hukadiria ukuaji wa uchumi, kisha huuliza watu wako tayari kulipa kiasi gani ili kuokoa dakika 40. Kila hatua ina dhana ndani yake, na anayemlipa mshauri huwa anataka mradi upite. Nikipewa makadirio ya miaka 30 yenye grafu inayopanda bila kusita, kazi yangu ya kwanza ni kuikata robo nione kama mradi bado unasimama. Mwaka wa tatu naweza kuujadili. Mwaka wa ishirini na mbili ni imani.

Barabara jirani sasa. California, 1995: njia za kulipia za SR 91 zilifunguliwa katikati ya barabara kuu ya umma, kwa pesa za kampuni binafsi. Mkataba ulikuwa na kifungu cha kuizuia serikali kupanua njia za bure zilizokuwa kando yake. Msongamano ulipozidi, serikali ikajikuta imefungwa mikono kwenye barabara yake yenyewe. Ilibidi mamlaka ya usafiri ya Orange County inunue mkataba huo 2003 kwa dola milioni 207.5 ndipo kufuli likafunguka. Jiulize sasa: Nairobi ikitaka kesho kuweka njia ya mabasi ya BRT chini ya Expressway, na watu wakashuka kutoka juu kwenda chini, kuna anayedai fidia? Swali hilo halina siasa ndani yake. Jibu lake liko kwenye mkataba, na mkataba wa kitu cha umma unastahili kusomwa na umma.

Wale wasiolipa nao wanaguswa. Bodaboda, tuktuk na waendao kwa miguu hawaruhusiwi juu ya Expressway. Wao ndio waliokula vumbi la ujenzi kwenye Mombasa Road na Waiyaki Way, wakazunguka mabati na mitaro, na njia waliyobakiwa nayo ni ile ya chini. Kwenye modeli yangu hakuna safu ya mtu wa miguu. Muda wa mwenye Prado umekadiriwa kwa shilingi. Wa mama anayevuka barabara pale Bellevue haumo, na hilo ni kosa la taaluma yetu.

"Tunalipa mara mbili," wengine hulalamika, wakitaja ushuru wa matengenezo ya barabara kwenye mafuta. Hao wana nusu ya ukweli. Kenya ilikuwa na vituo vya kulipia zamani, ndiyo maana hadi leo kuna steji ya Thika Road inayoitwa Toll. Vikaondolewa, mahali pake ukaja ushuru kwenye kila lita. Leo ni Sh25, baada ya kupandishwa kutoka Sh18 mwaka 2024. Pesa hizo ni za kutunza barabara zilizopo, kwa hiyo kumlipa mwekezaji ada ya barabara mpya si lazima iwe kulipa mara mbili. Lakini 2025 Sh7 kati ya hizo 25 ziliwekwa rehani kwa wawekezaji ili zipatikane pesa za papo hapo za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Huo nao ni ufadhili wa watu binafsi, tena usio na kizuizi wala risiti, na hauwaudhi watu hata robo ya Expressway ingawa kila anayepanda matatu anauchangia.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi zaidi ya hayo yote. Kabla ya PPP kupitishwa, tunalinganisha: ingekuwaje serikali ikope yenyewe na kujenga? Chukua mfano wa kubuni. Serikali itamlipa mwekezaji Sh bilioni 10 kila mwaka kwa miaka 25, au ijenge na kutunza yenyewe kwa bilioni 90 za leo. Ili kulinganisha, malipo ya baadaye tunayashusha hadi thamani ya leo kwa kiwango cha punguzo, yaani asilimia tunayokata kwa kila mwaka wa kusubiri pesa. Ukitumia asilimia 8, malipo ya mwekezaji ni kama bilioni 107, na PPP inashindwa. Ukitumia asilimia 12, ni kama bilioni 78, na PPP inashinda. Barabara ni ile ile, lami ni ile ile, malipo ni yale yale. Kisanduku kimoja kwenye lahajedwali kimegeuza uamuzi. Kiwango sahihi ni kipi? Wachumi wazito wamebishana kwa miongo na hawajakubaliana, na ripoti inayofika kwa wakubwa huwa na jibu moja lenye nukta ya desimali. Mimi huandika majibu yote mawili kwenye ukurasa wa kwanza. Mara nyingi la pili huhamishiwa kwenye kiambatisho.

Sasa Rironi hadi Mau Summit imeanza upya, na kati ya waliowekeza ni NSSF yetu, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, ikishirikiana na China Road and Bridge. Watanzania wanaijua njia hii: Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, lilijengwa kwa pesa za NSSF yao asilimia 60 na serikali asilimia 40, na malalamiko ya wakazi yakafanya tozo zipunguzwe 2022. Hapo hadithi ya mwekezaji na mwananchi inakunjamana. Ada ikiwa ya juu, mfanyakazi wa Nakuru anaumia akienda Nairobi. Ikishushwa kwa amri ya kisiasa, akiba yake ya uzeeni ndiyo inayopungua. Tena hapa, tofauti na Expressway, barabara inayopanuliwa ni ile ile tuliyokuwa tukipita bure, na anayetoka Naivasha na lori la mboga hana njia mbadala ya kueleweka.

Ada iliyotajwa kwa gari dogo ni kama Sh8 kwa kilomita. Namba hiyo pekee hainitoshi. Nataka kuona kifungu cha marekebisho ya ada, kifungu cha barabara shindani, malipo ya kuvunja mkataba kabla ya wakati, na makadirio ya magari pamoja na jina la aliyeyatengeneza. Wanachama wa NSSF wana haki ya kuviona hivyo vyote kabla ya kizuizi cha kwanza kuwekwa, na kama modeli itawekwa hadharani, nitaikagua hapa mstari kwa mstari bila malipo.