Uungu katika Mandhari: Dhana ya Wamarekani wa Karne ya 19

Msomaji wa Zaburi hashangai akiambiwa kwamba mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu. Wachoraji na waandishi wa Marekani wa karne ya 19 waliichukua imani hiyo kongwe wakaenda nayo mbali. Kwao milima, maporomoko na misitu ambayo shoka halijaigusa vilikuwa Maandiko ya pili, yanayosomwa kwa kutazama. Ulaya ilijivunia makanisa makuu na magofu ya kale. Wao walikuwa na nyika, basi nyika ikawa ndiyo kanisa lao.

Mchoro unaoieleza dhana hii vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa Thomas Cole wa mwaka 1836, unaoonyesha Mto Connecticut ukijikunja chini ya Mlima Holyoke, Massachusetts. Kushoto kuna mti uliovunjikavunjika na dhoruba inayoondoka. Kulia jua limewaka juu ya mashamba. Chini, katikati ya miamba, yupo mtu mdogo mwenye kofia aliyegeuka kututazama: Cole mwenyewe, yuko kazini. Kwenye kilima cha mbali miti imekatwa, na alama zilizobaki baadhi ya wataalamu huzisoma kama herufi za Kiebrania: Nuhu, na ukiupindua mchoro, Shadai, yaani Mwenyezi. Mimi sijashawishika sana, ila mtu aliyezoea fikra za Cole haoni ajabu kutafuta maandishi ya Mungu mlimani.

Mwaka huohuo Ralph Waldo Emerson, aliyeuacha uchungaji Boston mwaka 1832, alichapisha kitabu chake Nature, yaani Maumbile. Wawili hawa hutiwa kapu moja, na hapo ndipo wengi hukosea. Cole alibaki Mkristo wa kawaida: Mungu ni Muumba, maumbile ni kazi yake, unaiona kazi, unamtukuza aliyeifanya. Emerson anauvunja mpaka huo. Akiwa peke yake porini, asema, anageuka jicho angavu, ubinafsi unatoweka, na mikondo ya Uungu inapita ndani yake. Akishafika hapo, mchungaji na hata kanisa vina kazi gani tena? Wenye makanisa walilitambua swali hilo, ndiyo maana hotuba yake ya 1838 kwa wahitimu wa teolojia wa Harvard iliwakasirisha mno.

Uzuri peke yake haukutosha. Mandhari ya kiungu ilitakiwa itie hofu kidogo. Frederic Church, mwanafunzi wa Cole, alipochora maporomoko ya Niagara mwaka 1857 hakumwachia mtazamaji ukingo wa kusimamia, kwa hiyo unajikuta unaning'inia juu ya maji. Miaka miwili baadaye watu wa New York walipanga foleni na kulipa senti 25 kuuona mchoro wake wa milima ya Andes, wengine wakiwa na darubini ndogo za jumba la opera.

Ila nyika hiyo takatifu ilichorwa kana kwamba haina wenyewe. Bonde la Yosemite katika mchoro wa Albert Bierstadt wa 1865 limejaa mwanga wa dhahabu, na hakuna mtu hata mmoja. Wenyeji wa bonde, Waahwahneechee, walikuwa wamevamiwa na wanamgambo wa California mwaka 1851, wengi wakafukuzwa, miaka 12 kabla Bierstadt hajafika na rangi zake.