Kula na Kulala Loiyangalani: Yanayosemwa na Yalivyo

Ukiwa Loiyangalani, mji mdogo ulio kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ukiacha samaki na mbuzi utakula kile kilicholetwa na lori. Ukishalijua hilo, manung'uniko mengi ya wasafiri hayatakushangaza.

"Jangwani hakuna chakula." Kipo, ila huenda si kile ulichozoea. Samaki ni tele, tilapia na mbuta. Sukuma wiki ndiyo ya kubembeleza. Mboga ambayo Nairobi huliwa mfuko ukiwa mtupu, huku imesafiri kutoka nyanda za juu, na lori likikwama kwenye lagha, yaani mkondo wa mto wa msimu, kabichi na nyanya huozea humo humo. Mbuzi nao wamejaa kila upande, lakini nani atachinja mbuzi mzima kwa ajili ya abiria mmoja anayetaka robo kilo?

"Menyu iko ukutani, chagua tu." Mara yangu ya kwanza nilifika saa mbili usiku, nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi, nikaagiza chipsi kuku kama ilivyoandikwa. Mama wa jikoni akafuta mikono kwa leso, akanitazama kwa huruma. "Mgeni, ungetupigia simu ukiwa Laisamis." Nikaletewa samaki wa kukaanga, chapati mbili za mchana na chai ya rangi. Nilikula hadi mifupa. Tangu siku hiyo, huagiza chakula cha jioni nikiwa huko Laisamis, kabla sijaiacha lami.

"Bei zao ni wizi." Lami ya Isiolo kwenda Moyale unaiaga Laisamis, halafu ni changarawe na mawe. Kila kreti ya soda na kila lita ya dizeli hupitia huko. Barabara hiyo yenyewe, zaidi ya kilomita 200 hadi Sarima, kusini mwa Loiyangalani, ilitengenezwa ili kupitisha mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Umeme huo husafirishwa kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Nilipolala mimi, jenereta ilizimwa saa nne usiku na simu yangu ikabaki na chaji asilimia tisa. Sijui nicheke au nilie.

"Usiku wa jangwani ni baridi kali, beba blanketi." Blanketi libebee Marsabit mjini, mlimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu hushuka mpaka barabarani. Ziwani uko kwenye mita 360 hivi, na joto haliondoki jua likitua. Kinachokuja usiku ni upepo, tena wa kung'oa hema. Tafuta mawe makubwa ya kukandamizia kamba, na nguo ulizofua usiziache kwenye waya.

"Ziwa liko hapo, maji si shida." Maji ya Turkana yana magadi, tena floridi imezidi, hayafai kunywewa, na mamba wamo. Mji unategemea chemchemi, na ndizo zinazoinywesha ile mikoma unayoiona kwa mbali ukaanza kushukuru Mungu. Chumbani utapewa ndoo. Madebe yako ya maji ya kunywa yajaze mapema.

"Jangwa la Chalbi ni tambarare, gari lolote hupita." Likiwa kavu, ndiyo. Lakini pale palikuwa ziwa zamani, na mvua ikinyesha tope lake humeza magurudumu. Si lazima inyeshe ulipo wewe. Ikinyesha milimani yatosha. Ukiona wingu zito upande wa Marsabit, waulize madereva wa malori kabla hujalipia chumba. Huenda ukalipia siku tatu badala ya moja, na samaki ni wale wale.