Je, wajua kwa nini mtume Paulo aliruhusu watu watatu tu kunena kwa lugha, yaani kusema kwa uweza wa Roho lugha ambayo msemaji hakujifunza?

Katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo anaweka utaratibu wenye hesabu kabisa. Wawili ndio wanene, wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, mwenye lugha anyamaze kanisani, aseme na nafsi yake na Mungu.

Anayesema hivyo si mpinzani wa karama hiyo. Mistari michache nyuma amemshukuru Mungu kwamba yeye hunena kwa lugha kuliko Wakorintho wote, na mwisho wa sura anawaonya wasimzuie mtu kunena. Sasa mbona anaibana karama anayoipenda?

Ufunguo uko mstari wa 16. Paulo anauliza: ukiomba kwa lugha, aliyekaa karibu nawe ataitikaje "Amina" ilhali hajui usemalo? Swali fupi, lakini limebeba sura nzima. Anayeitikia Amina anaichukua sala ya mwenzake na kuifanya yake, na sala usiyoielewa huwezi kuichukua. Hapo ibada ya pamoja inakuwa imevunjika hata kama watu wote wamo ndani ya chumba kimoja: mmoja yuko na Mungu wake, waliobaki wanamtazama.

Ndiyo maana Paulo hasemi kwamba mnenaji anakosea. Anasema anajijenga nafsi yake, na kujijenga si kosa. Kosa ni kuuchukua muda wa kusanyiko kwa faida ya mtu mmoja. Kanisani, anasema, ni heri maneno matano yenye kueleweka, apate kufundisha wengine, kuliko maneno elfu kumi kwa lugha. Lugha ikifasiriwa, kizuizi kinaondoka, na yeye mwenyewe anasema kanisa hujengwa. Kwa hiyo mfasiri si pambo la ibada. Bila yeye karama inarudi chumbani kwa mwenyewe, ambako haina kikomo cha idadi wala cha muda.

Inasaidia kuwajua walioandikiwa. Korintho ulikuwa mji wa bandari uliojengwa upya kama koloni ya Kirumi mwaka 44 KK kwa uamuzi wa Julius Caesar, na Paulo alikaa huko mwaka mmoja na nusu. Alipowaandikia kutoka Efeso, katikati ya miaka ya 50 BK, kanisa lilikuwa limeshagawanyika: huyu wa Paulo, yule wa mwalimu Apolo, wengine wa Kefa, yaani Petro. Kwenye meza ya Bwana wenye chakula walishiba na kulewa, wasio nacho wakakaa na njaa. Fujo ya lugha ni tawi la mti huohuo. Kila mmoja alikuja na chake, na aliyenena kwa sauti kubwa alionekana wa kiroho zaidi. Paulo anawauliza katika sura ya 12: je, wote hunena kwa lugha? Jibu linalotarajiwa ni hapana. Na ile sura ya 13 juu ya upendo, ambayo siku hizi husomwa sana harusini, haikuandikwa kwa maharusi. Imewekwa katikati ya sura mbili za karama kwa ajili ya watu waliokuwa wakishindana.

Kuna jambo lingine ndani ya hesabu ile ambalo wengi hulipita. Ukimwambia mtu asubiri zamu yake, na anyamaze pasipo mfasiri, umeshasema kwamba anaweza kusubiri na anaweza kunyamaza. Paulo anaandika wazi kwamba roho za manabii huwatii manabii. Utetezi wa "Roho amenishukia, sikuweza kujizuia" haupati nafasi katika sura hii. Mungu, anasema, si wa machafuko, bali wa amani.

Lakini mbona siku ya Pentekoste hakukuwa na mfasiri? Katika Matendo 2, Waparthi, Wamedi, Waelami na wengine walisikia kila mtu kwa lugha ya kwao. Wasikilizaji wenyewe walielewa, basi wa kufasiri wa nini? Huko Korintho hakuna aliyeelewa. Kuchanganya matukio haya mawili kuliwahi kuleta msukosuko. Mwaka 1901 huko Topeka, Kansas, mhubiri Charles Parham alifundisha kwamba lugha ni lugha halisi za mataifa, alizopewa mmisionari asipoteze muda kuzisoma. Uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ulioanza mwaka 1906 chini ya mhubiri William Seymour, ulituma watu ng'ambo wakiwa na imani hiyo. Walipofika, wenyeji hawakuwaelewa, ikabidi wajifunze lugha kama wamisionari wengine. Baada ya hapo Wapentekoste wengi walirudi kuitazama lugha kama ishara na kama sala.

Miaka ya 1970 mwanaisimu William Samarin, aliyerekodi wanenaji wengi, alieleza kwamba sauti zao huchotwa katika lugha wanazozijua tayari, na kwamba hakukuta ndani yake sarufi ya lugha ya binadamu. Muumini hana haja ya kutikisika kwa hilo, maana Paulo mwenyewe alishasema kwamba anenaye kwa lugha hasemi na watu. Ila hilo linazidi kuonyesha kwa nini alimng'ang'ania mfasiri.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati. Yohane Krisostomo, mhubiri wa kanisa la kale, katika karne ya 4, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba mambo hayo hayakuwa yakitokea tena, na hadi leo yapo makanisa yanayosoma maneno ya sura ya 13 kwamba lugha "zitakoma" kama jambo lililokwisha kutimia. Sioni kama sura yenyewe inawaunga mkono, kwa kuwa inaweka kukoma huko wakati wa kuona uso kwa uso.

Ugumu halisi uko kwenye sala ya pamoja, kanisa zima likiomba kwa lugha kwa wakati mmoja. Walimu wa Kipentekoste hutofautisha ujumbe wa lugha, unaolihusu kanisa na kuhitaji tafsiri, na sala ya lugha, iliyo kati ya mtu na Mungu. Ni tofauti ya haki, maana Paulo anazitambua zote mbili. Lakini mstari wa 23 unazungumzia hali hiyohiyo: kanisa lote limekusanyika, wote wananena kwa lugha, anaingia mgeni asiyeamini, naye anaona wana wazimu. Anayeomba kwa sauti ya chini, pembeni, anatimiza agizo la kusema na nafsi yake na Mungu. Anayeomba hivyo kwenye kipaza sauti ameshahutubia kusanyiko, apende asipende, na anadaiwa mfasiri.

Je, mtu atajuaje kama mfasiri yupo, kabla hajafungua kinywa? Sheria ya Paulo inadhani watu wanafahamiana. Makanisa ya wakati huo yalikutana majumbani, na Gayo anatajwa katika Warumi 16 kuwa mwenyeji wa Paulo na wa kanisa lote. Mle ndani ilijulikana nani ana karama gani. Katika ukumbi wa maelfu ya watu wasiojuana, linabaki lile la mstari wa 13: mwenye lugha aombe apewe kufasiri yeye mwenyewe, na kama hakupewa, aimalize sala yake kimyakimya.