Diski kubwa haisafishe picha

Hapa Goma batu mingi banaamini kama dekoda ya TV ya kurekodi yenye diski ya 1000 GB inatoa picha safi kupita ya 500. Kumbe dekoda inaandika mu diski ile tu inafika ku anteni, vile iko, haiongeze kitu, diski kubwa inabeba masaa mingi njo tofauti. Inaniuma kuona mama anaongeza franga ju ya picha. Mbele ya kulipa jaribu palepale ku duka: rekodi dakika 10, linganisha na ile ya moja kwa moja, ziko sawa, kisha angalia uzito wa ile rekodi mu diski, kama ni 600 MB basi saa moja itakula 3,6 GB. Tena uliza ile tundu ya USB, zingine zinasoma tu, hazirekodi.